Firigisi ya Fundi

Limau lilidondoka kutoka kwenye kapu la mama, likagusa sakafu mpya, likatulia kidogo kama linalofikiri, kisha likaanza kwenda. Halikuelekea nje. Lilielekea ndani, polepole, likapita katikati ya sebule, likaingia chumbani kwa mama, na nilipolifuata nililikuta limejibanza kwenye ukuta wa nyuma.

Nikaliokota. Nikarudi nalo hadi ukingoni mwa baraza, nikaliweka chini na kuliachia. Likaenda tena, njia ile ile, safari hii kwa haraka zaidi, kama mtoto aliyekwisha kuizoea njia ya dukani.

Siku ile ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nyumbani kwetu, na mtu pekee aliyeliona limau likitembea nilikuwa mimi, ambaye hata kuitikia hodi huwa napata shida.

Furaha yenyewe ilikuwa sakafu. Tangu nizaliwe, nyumba yetu hapa Ifakara, upande wa kwenda Michenga, ilikuwa na kuta za tofali za kuchoma na bati juu, lakini chini ilikuwa udongo. Kila Jumamosi mama aliusiliba kwa matope laini, na ikifika Jumatatu kuku wameshauchimba. Baba anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mbali na hapa, anakuja akipata nafasi, na kila alipokuja alikuwa anaangalia chini na kusema, "Hii sakafu, Mama Digna, iko siku." Sasa siku ilikuwa imefika. Saruji ilianzia barazani, ikapita sebuleni, ikaishia chumbani kwa mama, na juu yake ikapigwa niru, lile rojo la saruji tupu, ikang'aa mpaka ukiinama unauona uso wako kama kivuli. Majirani walikuja kuitazama kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Shangazi Ursula, dada yake baba, anayekaa nyumba ya jirani, alivua ndala mlangoni bila kuambiwa, akatembea kwa ncha za vidole, akasema, "Wifi, sasa humu mtu atatema mate wapi?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini mama hakufurahia uzuri tu. Mpunga wetu wa mwaka mzima, pamoja na mbegu ya kupanda, tulikuwa tumeuhamishia kwa shangazi ili fundi apate nafasi. Kesho yake asubuhi magunia yangerudi chumbani kwa mama, yapangwe kwenye ukuta wa nyuma kama miaka yote. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Mvua za kwetu huja na upepo, na zikija hupiga baraza kwanza.

Nililishika limau mkononi nikaangalia baraza, nikaangalia sebule, nikaangalia pale ukutani lilipokuwa limejibanza. Maji nayo yangepita hapo hapo. Yangefika hapo hapo, chini ya magunia.

Hapo lazima nieleze habari ya kuku. Kwetu kazi ya fundi haiishi siku anapokusanya vifaa vyake. Inaisha kwa kuku. Mwenye nyumba anachinja jogoo, watu wanakaa kwenye ile kazi yenyewe, kama ni paa wanakaa chini yake, kama ni sakafu wanatandika mkeka juu yake, na fundi anapewa firigisi, ambayo siku nyingine zote ni ya baba mwenye nyumba. Akishaimeza, kazi imepokelewa. Ukiona ufa kesho yake, ufa ni wako. Bati likivuja, tega sufuria. Huwezi kumfuata mtu uliyempa firigisi kwa mkono wako mwenyewe ukamwambia kazi yake mbaya. Hata watu wa nyumbani kwako watakuuliza, "Ulipokuwa unampa, ulikuwa umefumba macho?"

Jogoo wa fundi alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye mpapai nyuma ya nyumba. Baba alikuwa njiani. Fundi alikuwa njiani. Wali ulikuwa karibu kuwekwa jikoni.

Nilimfuata mama. Alikuwa anapeta mchele, anaimba wimbo wa kanisani, tena sauti ya pili, ile anayoimba akiwa na furaha sana.

"Mama."

"Eeh."

"Limau linatembea."

"Hilo limau ni la kuku. Weka hapo kwenye sahani."

"Linatembea lenyewe, mama. Linaingia ndani."

"Basi lina akili, limejua chakula kiko ndani." Akacheka mwenyewe. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kupeta. "Digna, mwanangu, leo usininunie. Leo hata ukimwaga mboga sikugombezi. Nenda kaoge, baba yako anafika sasa hivi."

Nilitaka kusema sakafu imelala vibaya. Maneno yote yalikuwepo, yamejaa mdomoni kama wali wa moto, lakini yeye alikuwa amesharudi kwenye wimbo wake, na mimi nikaenda kuoga.

Wa kwanza kufika alikuwa Fundi Amedeus. Alivaa shati la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Yeye na baba wameimba besi pamoja kwaya moja tangu ujana, na si mtu mbaya, hilo nataka lijulikane mapema. Ni mtu wa utani, na utani wake kwangu ulikuwa kuniita Bi Kimya.

"Bi Kimya, shikamoo," akasema, mtu mzima kama yeye.

Nikainamisha kichwa.

"Umeona, Mama Digna? Siku zote hizi ninafanya kazi hapa, huyu ananiitikia kwa kidevu tu. Siku akinijibu kwa mdomo nitaanguka na ngazi yangu."

"Mwache mwanangu," mama akasema. "Anasikiliza. Wanaosema tunao wengi."

Halafu baba akatokea njiani, mkoba begani, mkeka mpya umekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa hajaiona sakafu ikiwa imekamilika. Alivua viatu tangu uwanjani. Akapanda baraza, akaingia sebuleni, akasimama. Akapiga hatua moja, akasimama tena. Kisha baba yangu, mtu anayeheshimika, akalala chali pale katikati na nguo zake za safari, mikono ameitandaza, anatazama bati.

"Baba Digna, inuka, kuna wageni," mama akasema, lakini alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Wageni nao waje walale. Nafasi ipo."

Shangazi akapiga kigelegele. Fundi akawa anatembea kandokando ya kuta, anazigusa kama mtu anayemwonyesha mnunuzi ng'ombe wake.

"Na unajua nimeipimaje?" akamwambia baba. "Mpira wangu wa maji ulipasuka. Ule mrefu, unaoonyesha maji ndani yake. Unashika ncha huku, mwenzako anashika ncha kule, maji yanasimama usawa mmoja. Sasa umepasuka, nifanyeje? Nikaangalia ukuta wako nikacheka. Si una alama ya mafuriko?"

Baba akakaa kitako. "Ninayo."

Kila nyumba ya zamani ya huku bondeni inayo. Ni mstari wa kahawia unaozunguka kuta, pale maji yaliposimama. Kwetu uko usawa wa kiuno.

"Maji yakituama ndani ya nyumba yanasimama sawa pembe zote," fundi akaendelea. "Kwa nini nitafute mpira wakati Mungu ameshapima? Mbele nikapima fimbo yangu kutoka kwenye alama kwenda chini. Nyuma nikapima fimbo ile ile kutoka kwenye alama kwenda chini. Nikavuta kamba moja kutoka ukuta wa nyuma mpaka kwenye nguzo za baraza. Nikamwaga saruji."

"Hiyo akili ni ya mtu wa nyumbani," baba akasema. "Mgeni asingeiwaza."

Nilikuwa nimesimama mlangoni nasikiliza. Nikaangalia ule mstari ukutani, na kweli sikuona kosa lolote. Maneno ya fundi yalikuwa mazuri. Ila limau nililiona kwa macho yangu, na sasa lilikuwa limejaa joto la mkono wangu.

Mama akajaza ndoo maji ya kunawa, akaiweka barazani. Baba akaanza kunoa kisu kwenye jiwe. Shangazi akatandika mkeka mpya sebuleni.

"Digna," baba akaita, "mlete jogoo."

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Jogoo aliniona akapandisha shingo. Alikuwa mwekundu, mkubwa, mwenye dharau, jogoo ambaye alikuwa ananifukuza hata mimi. Nikachuchumaa. Kutoka pale nilisikia jiwe na kisu, krr, krr, na sauti ya baba akicheka. Nikafikiri, nikimpeleka, atachinjwa. Akichinjwa, fundi atakula. Akila, imekwisha, na mvua itakuja mchana kweupe kuingia chumbani kwa mama, na mimi nitakuwa nimejua.

Fundo lilikuwa dogo. Vidole vyangu vilifanya kazi kabla sijaviruhusu.

Jogoo hakwenda. Alisimama pale pale, mguu mmoja juu, hajui kama yuko huru.

"Nenda," nikamnong'oneza.

Akaniangalia kwa jicho moja. Nikamsukuma kwa mguu. Hapo akakasirika, akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka Kivukoni, na akaondoka.

"Jogoo!" shangazi akapiga yowe kutoka mbele. "Jogoo amekata kamba!"

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile. Baba alitokea upande mmoja na kisu mkononi, akisema, "Msimtishe, msimtishe," kitu ambacho kingemtisha kiumbe yeyote. Shangazi alivua kanga ya juu akaitandaza kama wavu. Mama alikuwa na mwiko. Fundi Amedeus, na shati lake la kanisani, alijirusha kwenye matembele akakamata unyoya mmoja tu wa mkia. Jogoo akapita chini ya kamba ya nguo, akazunguka mpapai, akazunguka choo, akarudi mbele, na alipoona hana njia, akapanda baraza na kuingia ndani.

Kwenye niru akateleza. Kucha zake hazikupata pa kushika. Alikwenda upande upande kama mlevi, mabawa wazi, akapita juu ya mkeka mpya na kuuacha umejikunja, nao wote wakaingia nyuma yake, wamevimba mashavu kwa kicheko, wakamzunguka sebuleni.

"Funga mlango, Digna!"

Nilikuwa barazani. Ndoo ilikuwa karibu na goti langu, imejaa hadi juu. Wote walikuwa wamenipa mgongo.

Nikaisukuma kwa goti.

Maji yalimwagika pale ukingoni mwa baraza, pale ambapo kwenye nyumba yoyote yangeanguka uani. Hayakuanguka uani. Yalijikusanya, yakageuka, yakapita mlangoni na kuingia sebuleni. Yalipita chini ya mkeka. Baba, aliyekuwa peku, aliyasikia kisiginoni, akageuka. Akayatazama yanavyompita. Yalikwenda bila haraka na bila kuuliza, ulimi mrefu unaong'aa, yakaingia chumbani kwa mama.

Kelele zikakoma moja moja. Jogoo akapata nafasi, akaruka dirishani, akakaa pale anahema.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza. "Haya yanakwenda wapi?"

"Niru mpya," fundi akasema. "Niru ikiwa mpya huteleza. Maji yanahangaika kutafuta pa kwenda."

"Yametafuta na yamepata," shangazi akasema.

Baba hakucheka. Aliweka kisu kwenye dirisha la pili, mbali na jogoo. "Amedeus, maji ya barazani kwa kawaida yanakwenda wapi?"

"Nje."

"Haya yamekwenda wapi?"

Fundi akaiokota ndoo, akaisimamisha sebuleni. "Ndoo imeanguka kwa nguvu, kaka. Nguvu ya ndoo."

Basi mimi nikainama. Sikuweza kusema, lakini kuinama niliweza. Nikaliweka limau barazani, mbele yao wote, nikaliachia taratibu kabisa, hakuna nguvu ya ndoo wala ya mkono. Likaenda. Baba akasogea kulipisha. Mama akasogea. Shangazi akanyanyua kanga yake. Walilipisha kama wanavyompisha mgeni, kisha wote wakalifuata, tukaingia chumbani kwa mama tukiwa tumebanana, na tukalikuta linaelea kwenye dimbwi kwenye ukuta wa nyuma.

Mama akalitazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo.

"Limau linatembea," akasema polepole.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa ukuta. "Lakini alama hii hapa. Hii hapa. Nilipima kutoka hapa fimbo moja kamili. Maji hayadanganyi."

"Umepima kwenye ukuta huu?" mama akauliza.

"Ndiyo, shemeji. Huu hapa."

"Ukuta huu haukuwepo."

"Haukuwepo lini?"

"Wakati wa mafuriko makubwa. Yaliuangusha. Si unakumbuka, Baba Digna? Ulikuwa kwenye miwa. Digna alikuwa darasa la tano, tulibeba tofali yeye na mimi, kiangazi kizima, na shule hakurudi tena. Alama hii ni ya mafuriko madogo, yale yaliyokuja baadaye. Makubwa huu ukuta haujayaona."

Fundi alinyanyuka, akaenda sebuleni, nasi nyuma yake, akasogeza uso wake karibu kabisa na ukuta wa mbele. Mistari ilikuwa miwili. Wa juu wa kahawia, umekolea, ule fundi aliopimia, na chini yake, vidole vitatu, mwingine umefifia kama umechorwa kwa chai. Tulikuwa tumepita mbele yake kila siku tangu mafuriko yale.

Fundi Amedeus akaweka mkono mdomoni. Halafu akakaa juu ya ile ndoo tupu.

"Kwa hiyo," shangazi akasema, na nilimwona anavyolionja lile neno kabla ya kulitoa, "mbele umepima kwa mafuriko ya baba, nyuma umepima kwa mafuriko ya mtoto."

Baba ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Mama akafuata. Hata fundi, kichwa kikiwa mikononi, mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi nilifurahi na kuogopa pamoja, maana niliona bado hatujafika.

Na kweli. Fundi alijifuta macho, akasimama, akamshika baba begani. "Kaka, yametokea. Tumshike jogoo, tule kwanza, tuongee tukiwa tumeshiba. Mimi na wewe hatuwezi kushindwana."

Baba akasita. Nilimwona anavyosita. Ni rafiki yake wa miaka mingi, wageni wamefika, wali umeiva. Akamtazama jogoo dirishani. Mkono wake ukaanza kukielekea kisu.

"Shemeji Amedeus," mama akasema. Alikuwa bado na mwiko. Hakupandisha sauti. "Leo utakula matembele."

Baba akarudisha mkono.

Tukala wali na matembele, tumekaa uani, si juu ya sakafu. Fundi alikula macho chini, lakini alikula, na alipomaliza akasema mwenyewe, bila kuulizwa: atachokoa niru yote ili saruji mpya ishike, atapandisha nyuma vidole vitatu na zaidi kidogo, maji yakimbilie nje. Saruji itatoka kwake.

"Na mpira wa maji," mama akasema.

"Na mpira, shemeji."

"Ila mimi naomba jambo moja," fundi akasema. "Habari hii isifike kanisani."

"Haitafika," shangazi akasema, na wote tukajua itafika kabla ya misa ya kwanza.

Baba alirudi kwenye miwa. Fundi alikuja na nyundo na patasi, akaanza kuichokoa ile sakafu nzuri. Mama hakuweza kutazama, akawa anakwenda kwa shangazi kukaa na magunia yake. Mimi nilibaki. Nilibaki kwa sababu mtu mmoja lazima abaki, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona.

Siku ya kupima, fundi alikunjua mpira mpya, mrefu, unaong'aa kama utumbo uliooshwa, akaujaza maji, akanipa ncha moja. "Simama barazani, uishike kwenye nguzo. Mimi nakwenda ukuta wa nyuma. Maji yakitulia upande wako, niambie."

Akaingia ndani. Maji kwenye ncha yangu yakapanda, yakashuka, yakapanda kidogo, yakashuka kidogo, kama kifua cha mtu anayelala. Sikuwahi kukaa karibu na kitu kinachofikiri vile. Yakatulia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Yametulia?" fundi akauliza kutoka chumbani.

Nikaitikia kwa kichwa tena.

"Bi Kimya, kuna kuta mbili katikati yetu. Kidevu chako sikioni."

Nikavuta pumzi. "Yametulia."

"Nani huyo?" akauliza.

Nilicheka mpaka maji yakatikisika, ikabidi tuanze upya.

Tulipima kila pembe. Yeye anasema, mimi najibu. Yametulia. Bado. Yanashuka. Sasa. Mchana ulipoingia sauti yangu ilikuwa imekauka, kwa maana sikuwa nimeizoea kazi hiyo, na niliona fahari kama mtu aliyelima heka.

Wakati huo habari ilikuwa inatembea. Shangazi aliisimulia kisimani, akaisimulia mashineni kwenye kukoboa mpunga, na kila nilipoisikia ilikuwa imekua. Jogoo alikuwa ameona kosa tangu siku ya kwanza. Jogoo alikata kamba kwa mdomo wake. Jogoo aliwapeleka watu wote ndani kwa makusudi, akaipiga ndoo teke. Watoto walikuja kumwangalia. Akapewa jina, Mkaguzi. Mama akasema mwenye kuokoa mpunga hachinjwi, na Mkaguzi akazidi dharau, akawa anatembea barazani kama yeye ndiye aliyelipa fundi.

Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilicheka kidogo. Baadaye, kila shangazi alipofika pale kwenye kamba, masikio yangu yalikuwa yanawaka moto, na goti langu, lile lile, lilikuwa linawasha.

Baba alikuja tena sakafu ilipokauka. Safari hii hakulala chini. Tulisubiri wote, fundi pia, tumekaa sebuleni tukiangalia nje, maana mawingu yalikuwa yameteremka milimani na upepo umeshaanza kupeperusha majani ya mpapai. Jikoni, nyuma ya nyumba, sufuria la tetea aliyeacha kutaga lilikuwa linachemka. Hakuna aliyeligusa.

Mvua ikaja kama inavyokuja, kwa kelele. Ikalipiga bati mpaka hatukusikiana. Ikaja kwa upepo, ikaingia barazani, maji yakajaa pale ukingoni, yakasimama. Fundi alishika kichwa. Mama alinishika mkono, akaubana. Maji yakasita, na mimi nikasema moyoni, nendeni, nendeni, kama nilivyomwambia jogoo.

Yakageuka. Yakaanguka uani, yote, upana wote wa baraza, kama kanga inayotandikwa.

Mama alikimbia chumbani. Tulimsikia anapiga ukuta wa nyuma kwa kiganja. "Mkavu," alipiga kelele kuishinda mvua. "Mkavu, mkavu!" Baba na fundi walikumbatiana, wakaanza kuimba besi, wimbo gani hata sijui, na shangazi alikuwa anacheza peke yake juu ya niru, ndala zake amezivaa.

Magunia tuliyaingiza mvua ilipopita. Mama aliyapanga mwenyewe. Kisha tukakaa kwenye mkeka, juu ya sakafu, na baba akatafuta kwenye bakuli, akaitoa firigisi, akampa fundi kwa mikono miwili.

Fundi Amedeus aliishika. Hakuila. Aliinyanyua juu ili wote tuione.

"Hii siistahili," akasema. "Kazi hii ilikaguliwa. Aliyekagua ndiye aile. Mwiteni Mkaguzi."

Watu wakacheka. Jogoo alikuwa mlangoni, ananyoosha shingo kama amesikia jina lake.

"Jogoo hali kuku mwenzake," baba akasema.

"Lakini haki yake," shangazi akasema. "Nani alikata kamba? Nani aliangusha ndoo? Bila yeye mpunga wote ungekuwa umeota miche chumbani kwa wifi."

"Basi nani ale?" fundi akauliza, bado ameinyanyua ile firigisi, mchuzi unamtiririka mkononi.

Maneno yakajaa mdomoni, ya moto vile vile. Safari hii sikuyameza.

"Hakukata kamba," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Niliifungua mimi. Na ndoo niliisukuma mimi."

Fundi akaninyooshea firigisi kwa mikono miwili.